Jeneza Lililopita Logiri

"Bomba, hapa Kisima. Jibu."

Salehe Shekiondo alisukuma kikombe cha chai kando, akachukua kipaza sauti.

"Kisima, hapa Bomba. Nasikia."

"Mvua itanyesha Vurra leo. Matone arobaini. Kabla ya adhuhuri."

"Inakuja na chombo gani?"

"Hatujui. Hiyo ndiyo kazi yako. Kwisha."

Redio ya Codan ilikoroma, ikanyamaza. Salehe aliifunika kwa shuka na kurudisha maboksi ya vipuri juu yake.

Saa moja asubuhi, Juni 1994. Mvara, mjini Arua, Uganda.

Matone arobaini ni mabomu arobaini ya kutegwa ardhini. Yangevuka mpaka kutoka Zaire, yapite Arua, yafike Koboko, kisha yazikwe kwenye barabara ya malori yanayopeleka chakula kwa wakimbizi. Mwezi Machi mabomu ya namna hiyo yaliwaua madereva wawili Watanzania. Mmoja alitambuliwa kwa saa yake ya mkononi. Kundi lililoyaleta lilikuwa limeahidi mengine.

Kampala ilijua kwamba Salehe yuko. Dar es Salaam ndiyo iliyomtuma. Kwa wengine wote wa Arua alikuwa Fundi Salehe, mtengenezaji wa pampu za visima wa shirika dogo la maji.

Aliingiza bastola ya Makarov chini ya spana katika sanduku la kazi. Juu yake akaweka kigunduzi cha chuma, kile anachotumia kutafuta mabomba yaliyofukiwa. Akapiga teke pikipiki yake ya Yamaha.

Ikawaka mara moja.

Uani, mama mwenye nyumba alikuwa anapepeta simsim, yaani ufuta. Aliitwa Driwaru. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mrefu, asiyecheka ovyo.

"Fundi. Chai umemaliza?"

"Mimi namaliza njiani, Mama."

"Chai nakunywa njiani namna gani?"

Akaondoka.

*

Miaka miwili nyuma, alipofika Arua, Salehe alidhani lugha ndiyo itakayomfungulia milango. Alikuwa mtu wa Lushoto aliyesomea Tanga. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama rula.

Kilimfungia milango.

Watu wa Arua walikijua Kiswahili kama sauti ya buti mlangoni. Askari wa kila serikali walikuja nacho, na mwaka 1979 walikuja wengine kutoka Tanzania waliokisema sawasawa na yeye. Alipoingia dukani na kusema "naomba unipatie sabuni," mazungumzo yalikatika. Wazee walimtazama viatu.

Siku ya kwanza alimwamkia Driwaru: "Shikamoo, Mama."

"Shika nini?" Driwaru aliuliza, akarudi nyuma hatua moja.

Mume wa Driwaru aliuawa mwaka 1980. Hakusema na nani. Salehe hakuuliza. Kwa miezi mitatu mama huyo alimwachia maji ya kuoga mlangoni bila kumwita.

Ndipo Salehe alipoanza kuivunja lugha yake mwenyewe. Aliacha ngeli zianguke. Alisema "maji iko," "watu nakuja," "mimi natoka jana." Ulimi wake uliona haya. Alijifunza kula enya, ugali wa huko, kwa vidole vitatu na mchuzi wa simsim. Alijifunza salamu za Kilugbara, akazisema vibaya, watoto wakamcheka, na kicheko hicho kikawa ruhusa.

Aliyemfundisha mengi zaidi ni Adrabo, mdogo wake Driwaru, dereva wa lori. Adrabo ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kuendesha pikipiki kwenye udongo mwekundu ukiwa umelowa. Ndiye aliyempeleka hospitali alipougua malaria, akakaa kando ya kitanda chake siku tatu. Hakuna mtu mwingine Arua aliyemwita "ndugu" bila kutaka kitu.

Kosa lake kubwa lilikuwa msibani. Jirani alifiwa. Salehe alienda, akashika mikono, akasema "poleni sana," akakaa dakika kumi kisha akaondoka. Driwaru alimfuata hadi barabarani.

"Wewe nakimbia nini? Hapa mutu nafika msiba na kilio. Wanawake nalia mbali, kabla ya kuona nyumba. Mwanaume iko na mlio yake, ya yeye peke yake, watu nasikia, nasema, fulani amekuja. Wewe nakuja kimya kama mwizi."

Alirudi msibani. Akakaa siku mbili.

Tangu hapo Driwaru alianza kumwita kula.

*

Vurra. Kituo cha mpakani. Saa nne asubuhi.

Malori kumi kwenye foleni. Kahawa, mbao, vitenge, samaki wa chumvi. Salehe alikwisha kuzungumza na maofisa wa forodha wiki iliyopita: bomba la maji limepotea chini ya ardhi ya kituo, lazima alitafute. Alitembea taratibu kati ya magurudumu, kigunduzi mkononi, spika ndogo sikioni.

Fremu za malori zilipiga kelele. Jeki zilipiga kelele. Magunia yalinyamaza.

Lori la kumi lilikuwa Bedford la kijani. Nyuma yake kulikuwa na jeneza la mbao mpya, limefungwa kamba, limefunikwa matawi. Kando yake vijana wawili wenye vitambaa vyeupe kichwani. Mbele, kando ya dereva, mwanamume wa miwani myeusi na rozari shingoni.

Dereva alikuwa Adrabo.

"Ndugu," Salehe alisema. "Msiba?"

Adrabo alitazama usukani. "Mzee moja ya Logiri. Alikufa kule Aru, Zaire. Sisi naleta yeye nyumbani."

Mtu wa miwani aliinama dirishani. "Mutu yetu anaoza, fundi. Acha tupite." Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa pili wa mpaka. Baadaye jina lake lingejulikana: Mbuyi.

Ofisa wa forodha alivua kofia. Kizuizi kikanyanyuka. Kugusa jeneza mbele ya watu wote wale kungekuwa tusi, na fundi wa pampu hana haki hiyo.

"Poleni," Salehe alisema.

Bedford ikapita.

Alisimama na kigunduzi chake. Kuna kitu kilimsumbua, kama kokoto ndani ya kiatu. Ilichukua dakika mbili kukipata.

Hakuna mwanamke ndani ya lori.

Hakuna aliyelia. Adrabo, ambaye mlio wake Salehe angeutambua katikati ya mia, alikuwa anarudisha mzee nyumbani kimya.

Akaruka juu ya Yamaha. Alilikuta vumbi la lori kwenye njia panda ya Logiri. Vumbi halikukata kona. Lilinyoosha moja kwa moja kuelekea Arua.

*

Alipitia uchochoro wa nyuma na kufika Mvara kwa kasi. Driwaru bado alikuwa uani na ungo wake. Yeye mwenyewe alizaliwa Logiri. Ndugu zake wote walikuwa huko.

"Mama, Logiri iko msiba?"

"Msiba ya nani?"

"Mzee. Alikufa Aru."

"Kama Logiri iko msiba, mimi ingekaa hapa napepeta simsim?"

Salehe aliingia ndani na kufunga mlango.

"Kisima, hapa Bomba. Chombo ni jeneza. Bedford ya kijani, inaelekea Koboko. Watu wanne."

"Jeshi la karibu liko Koboko. Litakutana nawe baada ya saa moja na nusu."

"Lori litakuwa limeshafika msituni."

"Basi lisimamishe wewe."

"Peke yangu?"

"Piga dereva, Bomba. Tairi hazitoshi. Dereva."

Salehe alikitazama kipaza sauti.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Kwisha."

Alitoa Makarov, akaangalia risasi. Nane. Akaichomeka kiunoni chini ya ovaroli. Alipotoka, Driwaru alikuwa amesimama.

"Sura yako iko mbaya," alisema. "Nakwenda wapi?"

"Koboko. Pampu imekufa."

"Ukiona Adrabo njiani, sema yeye kuja kula. Siku nne sijaona."

Salehe aliitikia kwa kichwa.

*

Barabara ya Koboko ilikuwa mashimo juu ya mashimo. Bedford lenye mzigo lingeenda kwa kuchechemea. Yamaha iliruka. Baada ya Maracha aliliona lori mbele, akaiacha barabara. Mwaka mzima alikuwa amezunguka visima vya eneo lile, na alijua njia za miguu kuliko ramani yoyote. Alipita katikati ya mihogo, akavuka kijito, akatokea Lurujo, upande wa Koboko, dakika kumi na tano mbele ya lori.

Pale, kando ya barabara, kulikuwa na pampu aliyoitengeneza mara tatu. Wanawake kama ishirini walikuwa kwenye foleni na madumu. Mkubwa wao alikuwa Rosa Kiden, mwenyekiti wa kamati ya maji, Mkakwa mnene mwenye sauti ya kuamuru.

Salehe alizima pikipiki.

Angeweza kulala kwenye majani, bastola mkononi, na kumsubiri Adrabo kwenye kona. Umbali wa mita ishirini. Hangekosa.

Au angeweza kutumia kile alichofundishwa.

"Mama Rosa," alisema. "Lori nakuja. Iko na maiti. Mutu ya huku, alikufa Zaire. Wao napeleka yeye bila kilio. Nataka kuzika yeye porini kama mbwa."

Madumu yalitua chini, moja baada ya jingine.

"Mutu ya huku?" Rosa Kiden alisogea karibu. "Jina yake nani?"

Salehe hakuwa ameandaa jina.

"Sijui, Mama."

"Mimi iko na mutu yangu kule Aru. Mwaka ya themanini sisi wote nalikimbia, mimi na watoto tukarudi, yeye alibaki. Miaka kumi na nne." Alimshika mkono wa ovaroli. "Ile maiti iko mrefu? Fundi, uliona sanduku. Iko mrefu?"

Wanawake wote walikuwa wanamtazama. Karibu kila mmoja wao alikuwa na mtu aliyebaki kule. Salehe alijua hilo. Alikuwa ameandika majina ya kaya zao. Lakini alikuwa amelijua kama takwimu.

Angeweza kusema ukweli wakati ule. Muda ulikuwepo, dakika moja au mbili.

Vumbi lilionekana juu ya kilima.

"Iko mrefu," alisema.

Rosa Kiden alivua kitambaa kichwani. Sauti iliyomtoka haikufanana na ile ya kuamuru foleni. Wanawake wengine waliipokea. Waliingia barabarani wakilia, mikono kichwani, na wanaume wakaanza kutoka mashambani na majembe yao. Kwa muda mfupi barabara yote ilikuwa watu.

*

Bedford ilifunga breki.

"Ondokeni njia," Mbuyi alipiga kelele dirishani.

"Shusha mutu yetu," Rosa Kiden alisema.

"Haiko mutu yenu, mama. Mutu ya mbali."

"Fungua mimi natazama uso. Kama si yangu, mimi nalia yeye kidogo, nyinyi nakwenda."

Mbuyi alishuka, akaenda nyuma ya lori. Vijana wawili wa vitambaa vyeupe waliruka chini na kujibana kando yake. Adrabo naye alishuka. Alimwona Salehe katikati ya watu, akasimama.

"Fundi? Wewe nafanya nini huku?"

Salehe alipanda gurudumu la nyuma, akachomoa waya wa spika ya sikioni, akaweka kigunduzi juu ya jeneza.

Kifaa kililia. Sauti nyembamba, ndefu, isiyokatika. Watu wakapunguza kilio wasikie.

"Maiti haina chuma, Adrabo."

"Ni sigara," Adrabo alisema kwa sauti ya chini. "Yeye aliambia mimi ni sigara."

"Sigara nalia hivi?"

"Nini basi?"

"Mabomu ya barabara. Arobaini."

Adrabo alimtazama Mbuyi. Mkono wa Mbuyi uliingia chini ya koti, ukatoka na Browning, na mkono wa pili ukamkamata Rosa Kiden shingoni. Mdomo wa bastola ulikaa chini ya sikio lake.

"Kila mutu nyuma."

Salehe aliruka chini, Makarov tayari mkononi. Alilenga. Uso wa Rosa ulifunika nusu ya uso wa Mbuyi. Nyuma yao kulikuwa na mlango wa nyuma wa lori na mbao nyembamba za jeneza.

Hangeweza kupiga.

Mbuyi alijua.

"Weka chini, fundi."

Hatua mbili kutoka pale, Adrabo alikuwa ameegemea kona ya lori kama mtu aliyeishiwa nguvu. Kiganja chake kilikuwa juu ya pini ya mlango wa nyuma, ule mlango mzito wa chuma wa Bedford.

Akaivuta.

Chuma kilishuka kwa uzito wake wote juu ya bega la Mbuyi. Mfupa ulilia. Risasi moja iliingia ardhini. Rosa Kiden alianguka upande mmoja, Browning upande mwingine, na buti la Salehe likatua juu yake.

"Usiinuke," Salehe alimwambia Mbuyi.

Vijana wawili walikimbilia mihogoni. Wanaume wa Lurujo walikuwa na majembe na walikuwa na hasira. Hawakufika mbali.

*

Land Rover ya jeshi ilifika baada ya nusu saa. Askari walilishusha jeneza taratibu, wakakata kamba, wakainua kifuniko.

Mabomu yalikuwa yamepangwa kama sahani, yamefungwa majani ya migomba. Viwashio vyake vilikutwa kando, ndani ya boksi la mishumaa.

Rosa Kiden alipenya katikati ya askari. Alitazama ndani ya jeneza kwa muda mrefu. Kisha akamtafuta Salehe kwa macho.

"Wewe nalijua," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Nalijua haiko mutu."

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Alikaa chini barabarani, mikono mapajani. Salehe alitaka kusema kwamba madereva wangekufa, na watoto waliosubiri kile chakula. Yote yalikuwa kweli.

"Naomba unisamehe, Mama," alisema, kisha akagundua amesema Kiswahili cha kwao, kile kilichonyooka.

"Sisi nalianza kulia," Rosa Kiden alisema. "Kilio hairudi tumboni. Sanduku ile nabaki hapa."

Luteni, kijana mwenye daftari, alitikisa kichwa. "Hiyo ni ushahidi."

"Mabomu ndiyo ushahidi," Salehe alisema. "Andika kwamba mbao zilivunjika."

"Kwa amri ya nani?"

Salehe alimwonyesha Rosa kwa kidole. Luteni alishusha macho, akaandika.

Wanawake walilibeba jeneza tupu hadi chini ya ukuta wa nyumba ya Rosa. Wakalia upya, na safari hii kila mmoja alitaja jina la mtu wake.

Adrabo alikuwa ameketi nyuma ya Land Rover, pingu mkononi, kando ya Mbuyi na wale vijana wawili. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Huyo alisaidia," Salehe alisema.

"Alileta jeneza," Luteni alijibu. "Mahakama ya jeshi itasikiliza. Simu ya upepo yako hii, wanakutaka."

Salehe alipokea.

"Bomba. Kazi nzuri. Ndege iko kiwanja cha Arua saa kumi na moja. Usirudi nyumbani. Usiandike chochote, usimwone mtu yeyote."

"Dereva hakujua mzigo. Ameokoa watu."

"Dereva si kazi yetu. Bomba hayupo tena, umeelewa? Hajawahi kuwepo. Kwisha."

*

Saa kumi alasiri Yamaha ilisimama Mvara.

Driwaru alikuwa anasonga enya. Salehe alikaa kwenye kigoda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila kukaribishwa.

"Mama, Adrabo iko hai," alisema. "Iko Koboko. Jeshi nashika yeye. Lori yake ilikuwa na mabomu, yeye hakujua. Mimi ndiye nalisimamisha."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Wewe fundi ya pampu."

"Hapana."

"Wewe askari."

"Kitu kama ile. Natoka Tanzania, serikali nalituma mimi."

Driwaru aliepua sufuria motoni. Alifanya hivyo polepole, kwa mikono miwili, kama mtu asiyetaka kumwaga.

"Miaka mbili nalisha wewe," alisema. "Ndugu yangu nabeba wewe mgongoni na malaria."

"Ndiyo."

"Na sasa nakuja kuaga?"

"Ndege nasubiri. Walikataza mimi kuja hapa."

Driwaru alifuta mikono kwenye kanga. Hakulia. Aliingia ndani, akatoka na daftari la shule na kalamu, akaviweka juu ya goti la Salehe.

"Mimi sijui kuandika," alisema. "Kesho nakwenda Koboko. Askari nauliza, mama, wewe nataka nini. Wewe andika. Andika Adrabo alifanya nini, mbaya na nzuri. Andika nani aliona. Na weka jina ya mutu. Barua bila jina, wao nafuta nayo buti."

Salehe aliishika kalamu.

Kama angeweka jina, hangepata kazi tena. Labda pia gereza. Wakubwa wa Dar wasingeelewa kwa nini jasusi mwenye miaka kumi na moja kazini ajiandike mwenyewe kwenye daftari la mistari kwa ajili ya dereva wa magendo.

Aliandika kurasa mbili. Aliandika kuhusu jeneza na sigara, kuhusu pini ya mlango, kuhusu Rosa Kiden wa Lurujo ambaye angeweza kushuhudia. Aliandika kwa Kiswahili cha shule, kilichonyooka, cha kusomwa na maofisa. Chini kabisa akaandika: Salehe Mbaruku Shekiondo, Ofisa Usalama, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Akatia sahihi na tarehe.

Driwaru alizichomoa kurasa kwenye daftari, akazikunja mara nne, akazifunga kwenye pindo la kanga. Akakaza fundo kwa meno.

"Kwenda sasa," alisema. "Ndege hairudi."

"Mama—"

"Kwenda."

Salehe aliacha funguo za Yamaha juu ya kigoda. Bastola alikuwa ameshaikabidhi kwa Luteni. Sanduku la spana aliliacha mlangoni. Alichukua mkoba mmoja, akatoka uani bila kuharakisha, akashika barabara ya kiwanja cha ndege kwa miguu. Nyuma yake alisikia Driwaru akimwita jirani kwa Kilugbara, akiuliza gari la kwanza la Koboko linaondoka saa ngapi.